Hewa ya Ndani ya Ndege: Majibu kwa Wasomaji Wetu wa Mwanza

*Binti yangu ni mhudumu wa ndege. Anasema injini zikiwashwa asubuhi hapa Mwanza husikia harufu ya soksi zilizovunda, na wenzake humwambia ni ya ziwa. Je, ni kweli? (Mama wa Pasiansi)*

Mama yangu, upepo wa ziwa huleta harufu nyingi uwanjani, lakini inayokuja injini zikiwashwa kisha ikapotea hutiliwa shaka kuwa ni ya oili. Katika ndege nyingi za jeti, hewa ya kupumua huchotwa kwenye kompresa ya injini, yaani sehemu inayoshindilia hewa, kabla haijachanganyika na mafuta ya kuchomwa, hupozwa, kisha huingizwa ndani bila kuchujwa. Kizuizi cha oili kikivuja, mvuke hufuata njia hiyohiyo. Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, hutumia kompresa za umeme zinazovuta hewa ya nje moja kwa moja.

*Vichujio havisaidii? (Msomaji, Igoma)*

Hunasa vumbi na vijidudu katika hewa inayozungushwa tena. Mvuke hupita.

*Baada ya harufu hiyo niliumwa kichwa na mikono ikatetemeka. Daktari akasema ni uchovu. (Mhudumu, Ilemela)*

Pole sana, dada. Uchovu unaweza kuleta hayo, lakini halikuwa jambo la kuishia hapo bila kuuliza ulipumua nini. Oili nyingi za injini za jeti zina kemikali iitwayo trikresili fosfeti, ambayo baadhi ya aina zake hudhuru neva, na oili iliyoungua huweza kutoa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu. Wanasayansi bado wanabishana iwapo kiasi kinachoingia ndani huleta ugonjwa wa kudumu, na ubishi huo usitumike kumnyima mgonjwa vipimo. Likitokea tena, mjulishe rubani papo hapo, na mkitua nenda Bugando au hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo uombe kupimwa kaboni monoksidi, kwa kuwa mtu akipumua hewa ya kawaida nusu yake hutoka katika damu kwa saa nne au tano hivi, na ukisubiri hadi keshokutwa kipimo hakitaonyesha kitu. Andika namba ya safari, saa, harufu na waliougua, umkabidhi mwajiri nakala.

*Maandishi hayo yana faida gani? (Huyohuyo)*

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa magonjwa yatokanayo na kazi, lakini lazima uhusiano na kazi uonekane. Nchini Australia, mhudumu aliyevuta moshi wa oili ndani ya ndege mwaka 1992 alibaki na kikohozi kisichokwisha, na kesi yake ya fidia ilihitimishwa kwa ushindi mwaka 2010.