Noti Zote Sahihi, Lakini Wimbo Hausikiki

SWALI: Huu ni mwaka wangu wa tatu nikijifunza piano. Noti ninazisoma bila shida na mapigo siyakosi, lakini mwalimu wangu husema kwamba ninapiga kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. Nikimuuliza nifanye nini, hunijibu tu, "Weka hisia." Hisia ninazo, nifanyeje ili zisikike?

JIBU: Mwalimu wako ameutambua ugonjwa, ila dawa aliyokupa haina kipimo. Msikilizaji haoni yaliyo moyoni mwako; kinachomfikia ni sauti, nayo unaitawala kwa mambo machache tu: uzito wa kidole, wakati ambapo noti inaingia, muda inaodumu, na kanyagio. Kufumba macho na kuyumbayumba hakumo. Jina lenyewe la piano ni kifupi cha maneno ya Kiitaliano yenye maana ya "kwa upole na kwa nguvu", kwani ala hiyo, aliyoiunda Bartolomeo Cristofori huko Florence karibu na mwaka 1700, ilitii mguso wa kidole kwa namna ambayo hapsikodi, kinanda cha nyuzi kilichoitangulia, haikuweza.

Kwanza funga kifuniko cha piano, uimbe melodi kwa mdomo, hata kama sauti yako haipendezi. Angalia unapolazimika kuvuta pumzi, kwa kuwa aghalabu hapo ndipo sentensi ya muziki inapoishia, na uangalie pia noti ambayo sauti yako inaikimbilia. Vidole havihitaji pumzi, ndiyo maana huunganisha sentensi tatu kuwa moja bila haya.

Kisha jaribu hili. Mkono wa kushoto ushike kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C, E na G, na wa kulia upige F kwenye pigo la kwanza, halafu E. Ile F si ya kodi hiyo. Inasuguana na E iliyo chini yake, na sikio linangoja itue. Iegemee, kisha uiache E iingie kwa upole, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo. Ukizipiga zote mbili kwa nguvu sawa, nafuu hiyo haisikiki kabisa.

Kuhusu kupunguza mwendo, kuwa bahili: anayechelewa mwishoni mwa kila sentensi huchosha upesi kuliko asiyechelewa kamwe.

Jirekodi, uisikilize rekodi hiyo kesho yake bila kutazama karatasi ya noti. Pale utakaposhindwa kujua sentensi imeishia wapi, tia alama ya penseli, ufunge kifuniko, uimbe tena.