Spika inakatakata sauti, waya umebadilishwa na umekatika tena

SWALI: Fundi habari za kazi. Spika yangu ya besi inakatakata, nikibonyeza koni (ule uso wa karatasi unaotikisika) kidogo sauti inarudi, nikiachia inapotea. Ule waya mdogo unaotoka kwenye pini kwenda kwenye koni nilibadilishiwa ukawekwa wa kawaida wa shaba, mwezi haujaisha umekatika tena. Niweke mnene zaidi? Na eti koili (ule waya uliozungushwa nyuma ya koni) ya alumini ni feki?

JIBU: Salama ndugu yangu. Mnene usiweke kabisa, huo ndo utawahi kukatika. Hapo tatizo sio umeme, ni kukunjwa. Mlio wa hezi 50 unaipeleka koni mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde, yaani saa moja tu ni mara 180,000, shaba inaanza kaufa kadogo kasikoonekana kanakua mpaka inaachia, na uzi wa shaba ukiwa mnene ndo unaumia zaidi kila unapopinda. Waya wa spika wenyewe ni utepe mwembamba wa shaba uliozungushiwa kwenye uzi wa pamba au wa plastiki, halafu nyuzi kadhaa zikasukwa pamoja. Tafuta huo.

Sasa angalia ulipokatikia, mara nyingi ni milimita chache tu kutoka kwenye risasi ya kuunganishia, maana risasi ikiyeyuka inapanda ndani ya nyuzi, panakuwa pagumu kama kijiti na mkunjo wote unaangukia pale ugumu unapoishia. Kwa hiyo risasi kidogo, solda (pasi ya kuyeyushia risasi) usiikawize, na acha waya uwe na upinde wa kutosha koni ikitoka mpaka mwisho usivutike wala usigonge koni. Flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike) ya asidi weka mbali!! Mabaki yake yanaendelea kula shaba taratibu, ukiona ukijani kwenye kiungio ujue kutu imeshaingia, tumia ya rosini.

Alumini sio feki. Uzito wake haufiki hata theluthi ya shaba, umeme inapitisha kama asilimia 61 ya shaba, na koili nyepesi inafaa sana kwenye twita, kile kispika cha sauti nyembamba. Shida yake inajivika oksidi, yaani utando wa kutu yake, papo hapo, risasi ya kawaida haishiki, ndo maana kuna waya wa alumini uliovishwa shaba. Huo ukiukwangua vanishi kwa wembe taratibu sana, maana ukila ile shaba alumini inabaki wazi, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevu alumini ndo inaliwa.

Kabla hujanunua chochote weka mita ya kupimia umeme, upande wa omu (kipimo cha ukinzani), kwenye pini mbili za spika, sogeza koni polepole. Spika ya omu 8 inasoma kama 6 hivi. Namba ikirukaruka, anza na huo waya mdogo, koili usiiguse kwanza.