Muulize Fundi: Gesi ya jikoni kwenye kirikuu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kirikuu sita za petroli, zinasambaza maji ya chupa kuanzia Tabata mpaka Mbagala. Mdogo wangu yuko Marekani, anasema mabasi ya shule anakokaa yanatumia propani. Dereva wangu mmoja anasema hiyo si ndiyo gesi ya mtungi tunayopikia, tufunge tu nyuma ya siti. Anasema kweli?
Mama wa Maji, Tabata

JIBU: Nzuri mama. Mdogo wako kasema kweli. Dereva kasema nusu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayokuunguzia gari.

Gesi ya kupikia ni propani iliyochanganywa na butani, na injini ya petroli inaikubali vizuri. Shida ni mtungi. Mtungi wa jikoni unatoa mvuke juu. Tangi la gari linatoa gesi ikiwa bado kimiminika, halafu kifaa kinachopashwa na maji ya moto ya injini kinaigeuza mvuke. Niliwahi kuletewa kirikuu pale Gerezani, Dar es Salaam, imefungiwa mtungi wa kilo 15 nyuma ya siti. Gesi ikigeuka mvuke ndani ya mtungi inaupoza, basi ulikuwa umeota barafu nyeupe mpaka katikati, kwa joto lile la Januari, na gari linazimika kila likipanda kilima. Dereva alikuwa anaumwagia maji ya kunywa! Mpira wenyewe ulikuwa wa jiko, umebanwa kwa waya. Propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini miguuni mwa dereva, na kwenye kirikuu injini iko hapohapo chini ya siti. Nilimfukuza dereva akasimame mbali kwanza.

Hesabu sasa. Lita moja ya propani ina nguvu kama robo tatu ya lita ya petroli. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakwenda kama 9. Kwa kilo, gesi ya mtungi wa 15 inafanya kazi ya petroli lita 21 hivi. Chukua bei ya kujaza mtungi, gawanya kwa 21, linganisha na bei ya sheli wiki hii. Usiniulize mimi, bei zinabadilika kila mwezi.

Wenye magari mengi huko nje wanaipenda kwa sababu magari yanalala yadi moja. Unaweka tangi moja kubwa, unajaza mwenyewe. Presha yake ni kama mara kumi ya hewa ya kawaida, haihitaji mitambo mizito. Gesi asilia yetu ya Songo Songo hujazwa kwa presha ya kama mara 200. Kwa magari sita, tangi la yadi naona ni kujitwisha mzigo.

Mimi ningekufungia gesi asilia. Vituo vipo hapahapa mjini, mafundi wake wapo, na ikivuja inapanda juu. Foleni, ndiyo, zinakera. Mtungi wake nao mzito, utapunguza katoni kadhaa za maji.

Anza na gari moja, lile kongwe. Lilete bila kubadilisha plagi. Gesi inataka cheche kali kuliko petroli, nataka kuziona plagi zilivyoungua kabla sijakwambia ununue chochote.