Datsun 240Z inagonga asubuhi, ikipata moto inanyamaza: je, nishushe injini?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Makorora, hapa hapa Tanga. Marehemu baba ameniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972 ambayo ilikaa chini ya turubai miaka sita. Nimeifufua: kabureta zote mbili zimesafishwa, oili mpya, plagi mpya, mipira ya maji mipya. Inawaka bila taabu na inakwenda vizuri, lakini ina mlio unaoninyima usingizi. Asubuhi nikiiwasha inafanya tiki-tiki-tiki, nyuma ya injini, upande wa kuelekea dashibodi. Ikipata moto mlio unapungua hadi karibu kuisha. Nikipanda mlima wa Amani na kukanyaga mafuta unarudi, nikiachia mafuta unakatika. Tapeti zimerekebishwa mara mbili, hakuna mabadiliko. Presha ya oili haijashuka. Fundi wangu anasema ni beringi za konrodi na anataka tushushe injini. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na hongera kwa kulitoa gari la mzee chini ya turubai. Injini usiishushe kwanza. Barua yako ina dalili tatu ambazo zikikaa pamoja zinanielekeza mahali pengine kabisa, nje ya injini, mahali ambapo mtu anafika kwa spana za kawaida.

Nianze na hizo beringi, kwa kuwa ndizo zinazokutisha. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, ile shafti kuu ya injini) iliyolika hugonga zaidi injini ikiwa ya moto. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, utando wake kati ya beringi na krankishafti unakuwa mwembamba, na chuma kinaanza kupigana na chuma. Geji ya oili nayo huanza kushuka, hasa gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwako mambo yako kinyume: kelele ni asubuhi, oili ikiwa nzito, na presha haijashuka. Tena injini hii ya L24, silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393, ina beringi kuu saba zinazobeba krankishafti. Sehemu yake ya chini ni imara kweli. Ndiyo iliyowabeba Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews mwaka 1973, kwenye vumbi, matope na mashimo ya Afrika Mashariki. Sisemi haifi. Ninasema si ya kwanza kushukiwa.

Sasa tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu. Mlio wa tapeti haujali mzigo. Ukipanda mlima au ukishuka, tapeti iliyolegea inapiga vilevile, inafuata resi tu, yaani kasi ya injini kuzunguka. Wako unafuata mguu wako: ukikanyaga unakuja, ukiachia unakatika. Kitu kinachobadilika unapokanyaga ni nguvu ya mlipuko ndani ya silinda, na pamoja nayo presha ya moshi unaotoka.

Ukiniuliza mimi, menifoldi ya ekzosi, lile bomba la chuma linalokusanya moshi wa silinda zote, inavuja, na kwa vile mlio uko nyuma, ninaishuku silinda ya sita, ya mwisho kabisa. Asubuhi chuma kimepoa na kimesinyaa, kwa hiyo mwanya uko wazi na kila mlipuko wa silinda hiyo unatoa pumzi moja kali: tik! Chuma kikipata joto kinatanuka, mwanya unajibana, mlio unapungua. Ukipanda Amani presha ya moshi inakuwa kubwa kuliko huo mwanya uliojibana, na moshi unapenya tena.

Mafundi wengi wanaukosea mlio huu, na wala si uzembe. Silinda moja hutoa moshi mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankishafti. Valvu moja nayo hufunguka mara moja katika mizunguko hiyo hiyo miwili. Kwa hiyo tundu dogo kwenye menifoldi na tapeti moja iliyolegea vina mdundo mmoja, sawasawa, na sikio peke yake haliwezi kuvitenganisha. Miaka mingi iliyopita nilifungua injini nzima ya mteja kwa mlio wa namna hii. Tulibadilisha beringi, tukabadilisha ringi, tukafunga, tukawasha, na tiki-tiki ikawa pale pale. Bolti moja ya menifoldi ilikuwa imekatika nyuma kabisa, gizani, na hakuna aliyekuwa amepitisha mkono huko. Fedha ya mtu ilikwenda, na mpaka leo ikiletwa injini yenye mlio, mkono wangu unaanzia huko.

Kabla ya kugusa spana, thibitisha. Kama fundi wako ana taa ya taimingi, ifunge kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza, injini ikiwa baridi na sailensa. Taa itawaka mara moja kila mizunguko miwili. Tazama mwanga huku unasikiliza. Mlio ukienda sambamba na mwanga, pigo moja kwa mwanga mmoja, chanzo kiko juu: valvu, kamshafti (shafti yenye kamu zinazofungua valvu), pampu ya petroli au moshi unaovuja. Ukisikia mapigo mawili kwa kila mwanga, hapo chanzo kinazunguka na krankishafti, na hofu ya fundi wako itakuwa na msingi. Kwa resi 750 kwa dakika hayo ni mapigo kama sita kwa sekunde dhidi ya kumi na mbili, kasi ambayo huwezi kuihesabu kwa kichwa, ndiyo maana ninataka taa.

Halafu chukua mpira wa maji wa kama mita moja. Ncha moja iweke sikioni, nyingine ipitishe taratibu kwenye maungio ya menifoldi na silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, kutoka mbele kwenda nyuma, ukiangalia usiguse feni wala mkanda wake. Wengi hutumia bisibisi ndefu, mpini sikioni. Bisibisi ni nzuri kwa mlio unaosafiri ndani ya chuma, kama wa beringi au cheni ya taimingi. Moshi unaovuja unapiga kelele hewani, na mpira ndio unaoukamata. Ukifika penye tundu utahisi kama mtu anakutemea mate sikioni. Fanya hivyo nje, penye upepo. Moshi huo una hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, nayo inaua. Kwa sababu hiyo hiyo, hadi utengeneze, usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, na ukiendesha acha vioo wazi.

Jaribio la kuzima silinda moja moja kwa kuchomoa waya wa plagi lina msaada wake pia. Tumia koleo yenye mpini wa mpira, na waya uliochomolewa uguse bodi ya injini ili koili isiumie. Ukizima ya sita na tiki-tiki ikafifia, basi inatokana na mlipuko wa silinda hiyo, na tapeti umeshaiondoa kwenye mashaka. Ila beringi ya konrodi nayo hufifia kwa jaribio hili, kwa hiyo lisome pamoja na ile dalili ya baridi na moto.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji injini kuwaka. Gari likiwa limepoa, nenda kwa fundi matairi mwenye kompresa. Puliza upepo wa presha ndogo kwenye bomba la ekzosi huku nyuma, pembeni ukiwa umeziba kwa kitambaa. Mwenzako apake maji ya sabuni kwenye maungio yote ya menifoldi. Penye tundu patatoa povu. Ukiona pia alama nyeusi ya masizi kwenye alumini karibu na tundu la sita, huna haja ya ushahidi mwingine.

Kwa nini hapo? Silinda hedi ya L24 ni ya alumini na menifoldi ni chuma cha kusubu. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, na menifoldi ni ndefu, kwa hiyo msuguano mkubwa unatokea kwenye ncha, silinda ya kwanza na ya sita. Bolti za huko, zile zisizo na kichwa tunazoziita stadi, ndizo hukatika kwanza. Ongeza hewa ya bahari yetu. Gari lililolala miaka sita Tanga, chumvi imeshaingia kwenye nyuzi za kila bolti. Pengine stadi ilikuwa imekwisha kuoza wakati baba yako analifunika, ikakatika ulipoliamsha.

Katika matengenezo, sehemu ngumu ni kuitoa hiyo stadi. Kwenye L24 menifoldi ya hewa na ya ekzosi ziko upande mmoja, zinashirikiana gasketi moja, na kabureta zimekaa juu yake. Toa waya wa betri kwanza, kamua petroli kwenye mabakuli ya kabureta, kisha zitoe zote kwa pamoja. Nati zote zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku mzima kabla ya kugusa spana, na ikigoma usilazimishe, maana ukikata ya pili kazi imekuwa mbili.

Stadi iliyokatika ikiwa bado na kipande kinachochomoza, tafuta mchomeleaji mwenye mkono mtulivu. Anaweka nati juu yake na kuichomelea kwa ndani. Joto linailegeza kutu, na chuma hakishikamani na alumini, kwa hiyo nati inakuwa kichwa kipya cha kufungulia. Ikiwa imekatika ndani kabisa, inatobolewa katikati, katikati kweli, kwa kuanza na keekee ndogo. Keekee ikihama nusu milimita inakula alumini, na nyuzi zikienda itabidi kutia bushi ya nyuzi mpya. Hapa usimpe kijana anayejifunza. Kama huna uhakika, ivue hedi yote uipeleke karakana ya kukereza vyuma. Ni gharama, lakini hedi ya gari hili si spea ya kuokota Ngamiani.

Menifoldi zikiwa nje, ziweke kwenye rula ya chuma iliyonyooka. Zikiwa zimepinda, zikerezwe, na hapa watu wengi wanakosea: bolti kadhaa zinazibana menifoldi zote mbili kwa pamoja kupitia washa moja nene. Ukikereza ya ekzosi peke yake, inakuwa nyembamba kuliko ya hewa, washa inakalia upande mmoja, na utarudi kwangu na tiki-tiki ile ile baada ya wiki mbili. Sikio la kila tundu lazima liwe na unene sawa na la jirani yake. Funga kwa gasketi mpya, grisi ya shaba kwenye nyuzi, na ukaze kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa mizunguko mitatu. Liendeshe hadi Muheza na kurudi, liache lipoe usiku kucha, asubuhi ukaze tena. Hiyo kaza ya pili usiiruke.

Ikiwa sabuni haitoi povu, kuna mawili ya kutazama. Pampu ya petroli iko mbele upande wa pili wa hedi na inasukumwa na kamshafti, kwa hiyo mkono wake ukilika unapiga kwa mdundo ule ule. Lakini wewe unasikia nyuma, basi sidhani. Jingine ni kumuuliza fundi wako alirekebisha tapeti kwa vipimo gani. Kwa injini ya moto ni milimita 0.25 valvu ya kuingiza na 0.30 ya kutoa. Kwa injini baridi ni 0.20 na 0.25. Akichukua vipimo vya moto akavitumia asubuhi injini ikiwa baridi, tapeti zote zitapiga, na mlio huo utakuwa umejichanganya na wa menifoldi. Ukifungua kifuniko cha tapeti, tazama kama oili inafika kwenye kila kamu injini inapozungushwa. Baada ya miaka sita matundu madogo ya oili huziba, na kamu isiyopata oili inaliwa haraka.

Anza na sabuni na kompresa. Ukiitoa menifoldi, usiitupe gasketi ya zamani. Ipige picha pande zote mbili uniletee: penye tundu la sita, njia ya moshi itakuwa imeandikwa hapo kwa weusi, nami nitakuambia kama ni stadi tu au na menifoldi imepinda.