Wasomaji Wanauliza: Mjadala wa Jioni Unaogeuka Hotuba

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha kujitolea huandaa mjadala kila mwezi kuhusu mazingira na masuala ya jamii. Mgeni huongea saa nzima, kisha watu watatu walewale hupokezana kipaza sauti hadi tunafunga. Wanaokuja mara ya kwanza hawarudi. Tunakosea wapi?

JIBU: Kabla ya kuwalaumu hao watatu, itazameni ratiba. Aliyekaa kimya dakika 60 ameshazoea kusikiliza tu. Anayenyoosha mkono baada ya hapo ni mzoefu. Mpeni mgeni dakika 20, na mmwambie hivyo siku mnayomwalika, si anapofika mlangoni. Slaidi aziache nyumbani. Mikahawa ya sayansi, yaani mikutano ya mkahawani ambapo mwanasayansi huzungumza na watu wa kawaida, iliyoanzia Leeds, Uingereza, mwaka 1998, hufuata mpango huo: maelezo mafupi, mapumziko ya kujaza vikombe, ndipo maswali. Mapumziko msiyakate hata mkichelewa. Hapo ndipo mtu humnong'oneza jirani swali lake, akaona kumbe si la kipuuzi, akapata ujasiri wa kulitoa.

Kisha gawanyikeni vikundi vya watu wanne au watano kwa dakika 25. Wakifika saba, wawili huishia kutazama. Kila kikundi kipewe swali moja, na kulitunga swali hilo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. "Mabadiliko ya tabianchi yanatuathirije?" huleta majibu ambayo kila mtu ameshayasikia redioni. Ulizeni linalolazimisha kuchagua: "Tukiwa na nguvu za jambo moja tu, tutenganishe taka majumbani au tupande miti kando ya mto? Nani ataumia kwa uamuzi huo?" Lijaribuni kwanza kwa watu wawili, wakikubaliana papo hapo, tungeni jingine.

Kuhusu wasemaji wenu, kanuni ni kwamba asiyezungumza bado hutangulia. Itangazwe mwanzoni kabisa, maana ikitangazwa katikati fulani atajua ni yeye anayesemwa. Mwongozaji akishike kipaza sauti mwenyewe na kumsogezea msemaji, asikiachie. Mmoja wa hao watatu anaweza pia kupewa kazi ya kuandika kumbukumbu, na mara nyingi huifanya vizuri.

SWALI: Kazi zote zimeniangukia mimi. Nikiugua, hakuna mjadala.

JIBU: Zigawe ziwe tano: kualika mgeni, ukumbi na viti, mapokezi, uongozaji, na kushika saa. Mbili za mwisho asipewe mtu mmoja, kwani anayesikiliza vizuri husahau saa. Kila kazi iwe na karatasi yake: nini kifanywe wiki 6 kabla, wiki 1 kabla, na siku yenyewe. Ukiuliza "nani atasaidia?" mbele ya watu wote, kila mmoja humtazama mwenzake. Mfuate mtu mmoja, umwombe kazi moja kwa tarehe moja. Ufunguo wa ukumbi uwe kwa watu wawili.

SWALI: Tupitishe maazimio kila mara?

JIBU: Hapana. Watu wakijua kura inakuja, hutetea upande badala ya kufikiri. Tengeni dakika 10 za mwisho: mwenye jambo analotaka kulifanya alitaje, aseme lini, na wa kuungana naye waandike majina kwenye karatasi yake. Jioni nyingine karatasi itabaki tupu, msimbane mtu.