Morris Iliyokula Tambuu

Juzi msomaji mmoja wa Moshi kanitumia picha ya injini ya Peugeot 404 anayoifufua. Kaipiga rangi ya fedha, inameta kama sufuria ya mahari, lakini chini ya kabureta rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. "Kaka, nimekosea wapi? Nitajie rangi moja tu nzuri nikanunue."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Ile picha ni yangu ya miaka miwili iliyopita, ila yangu ilikuwa nyekundu.

Wanaonisoma siku nyingi wanalijua gari lenyewe. Ni Morris Minor 1000 ya babu mzaa baba, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge nje kidogo ya mji wetu wa Tanga. Morris Minor zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1948 hadi 1971, na yetu ina injini ya ujazo wa cc 1098, iliyoanza kufungwa kwenye gari hizo mwaka 1962. Babu alipofariki gari lilibaki chini ya mwembe kule Makorora, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma miaka nenda rudi. Habari za kuchonga silinda, ringi na metali naziruka. Zilikula mwaka mzima, na fedha ambazo hesabu yake kamili mke wangu haijui hadi leo.

Injini ikarudi kutoka kwa fundi, chuma kitupu. Na mimi, kama wewe unayesoma hapa, sikutaka gari la kutembea tu. Nilitaka siku nikifungua boneti watu waseme "mashallah".

Nikaenda Dar, nikanunua makopo matatu ya rangi nyekundu ya kupuliza, iliyoandikwa kwamba ni ya ekzosti na inahimili nyuzi 650. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: maji ya injini hutembea kwenye nyuzi 80 hadi 90, rangi inahimili 650, bloki, yaani mwili wenyewe wa injini, itaionea wapi? Na kwa nini nyekundu? Nilikuwa nimeona injini nyekundu kwenye video, imependeza. Sababu nyingine sina.

Nikapiga Aprili, masika yamekolea, jioni baada ya kazi. Ikakauka na ukungu mweupe juu yake. Nikaisugua kwa kitambaa, ikang'aa kiasi, nikajiambia basi.

Miezi miwili baadaye ikaja harusi ya binti wa binamu yangu. Bwana harusi akabebwa kwa Morris, kutoka Ngamiani mpaka ukumbini Raskazone, matarumbeta mbele. Tulipofika nikafungua boneti ili watu wapige picha. Sikuombwa, nilifungua mwenyewe. Akasogea mzee mmoja, fundi mstaafu aliyeanza kushika spana kabla baba yangu hajaoa. Nikamwamkia, akaitikia. Akainama, akapitisha kidole ubavuni mwa bloki, pale petroli ya kabureta ilipokuwa imedondokea. Kidole kikatoka chekundu. Akatoa leso mfukoni, akakifuta taratibu, akasema kwa sauti ya kutosha watu wote:

"Mjukuu wangu, Morris hii imekula tambuu?"

Mnawajua watu wa Tanga kwa vijembe. Mpaka leo kuna mtu mtaani huniuliza kama gari limeshapiga mswaki. Nacheka naye, lakini sijasahau.

Wiki iliyofuata nilimfuata mzee kwake. Nilikwenda kugombana, nikarudi nimepata darasa. Kwanza alinieleza kosa la kopo. Rangi ya ekzosti haikomai kwa kukauka, hukomaa kwa kupikwa. Inataka joto kali mara kadhaa ndipo ishike. Manifoldi ya ekzosti, lile bomba linalopokea moshi moja kwa moja kutoka kwenye injini, inalifikia joto hilo. Bloki inayopoozwa kwa maji hailifikii hata siku moja. Kwa hiyo rangi yangu ilibaki mbichi miezi miwili, ikisubiri moto ambao hauji, na petroli ilipoigusa ikayeyuka. Rangi za makopo za injini kwa kawaida huandikwa nyuzi 260 hivi, na kwa bloki zinatosha na kubaki. Namba kubwa kwenye kopo si ubora, ni kazi nyingine. Ndugu yangu wa Moshi, soma tena kopo lako. Nadhani utajikuta humo.

Kisha nikamuuliza rangi ya asili. Akaniambia injini za aina ile kwenye Morris Minor zilitoka kiwandani kijani, kijani kizito cha BMC, kampuni iliyokuwa ikiunda Morris. Zilizokuwa za rangi ya damu ya mzee ni za MGB za mwanzo, gari la ukoo huohuo lakini la michezo. "Lakini usinisikilize mimi," akasema. "Nenda kafungue mabano ya dinamo, ile inayozalisha umeme wa gari. Injini itakwambia yenyewe."

Basi nikafungua. Chini ya mabano ya dinamo, mahali ambapo brashi ya fundi yeyote haifiki na jua halijawahi kuingia, nikakuta rangi. Haikuwa kijani. Ilikuwa dhahabu.

Nilirudi kwa mzee mbio, kipande cha rangi kwenye karatasi. Akakitazama muda mrefu, akatabasamu. Zamani, alisema, injini ikichoka hukuihangaikia. Uliirudisha kwa wakala ukapewa nyingine iliyofanyiwa ukarabati kiwandani, na hizo za BMC ziliitwa Gold Seal, zikapakwa rangi ya dhahabu ili zijulikane. Maana yake babu aliwahi kubadilisha injini nzima na hakuna aliyejua nyumbani, si baba wala shangazi. Karani wa mkonge! Alizipata wapi fedha hizo sijui. Nilikaa na lile karatasi barazani mpaka magharibi.

Ushauri wangu wa kwanza basi, na kama utachukua mmoja tu chukua huu: kabla hujanunua rangi, kafukue. Chini ya mabano ya dinamo, nyuma ya pampu ya maji, kwenye kona za kifuniko cha tapeti. Usiulize dukani. Usiulize simu, kwani simu yako na yangu hazionyeshi kijani kimoja. Na wewe wa 404, gari iliyoshinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968 haistahili rangi ya sufuria. Kafukue. Mwenye Volkswagen Beetle yeye asifukue kitu, maana bloki yake ni aloi ya magnesi iliyotoka kiwandani bila rangi. Injini ile inapoozwa kwa upepo, na rangi nene kwake ni kuivalisha blanketi mchana.

Mimi nilichagua kijani, kama gari lilivyozaliwa. Wapo watakaosema nimeisaliti injini. Sawa.

Kwenye kona ya kifuniko cha tapeti nilipata kijani kidogo, nadhani kifuniko kilihamishwa kutoka injini ya kwanza. Nikakipeleka duka la rangi za magari wakanichanganyia mfano wake, nusu lita, ile ya kuchanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha rangi, kwa sababu ikishakomaa petroli haiiwezi. Chini ya taa ya dukani ililingana. Nilipotoka nayo juani ikawa na ubluu. Nikarudi ndani, wakaongeza njano, nikatoka. Mara tatu. Kijana wa dukani alinichukia, na mimi sikujali. Boneti hufunguliwa juani, haifunguliwi chini ya taa ya dukani.

Sikuipaka injini siku hiyo. Nilipaka kipande cha chuma chakavu, nikakiacha wiki nzima, halafu nikakichemsha nusu saa kwenye maji, nikakifunika kwa tambara lililolowa petroli dakika kumi. Rangi haikusogea. Sufuria ilikuwa ya wali, na hilo lilisuluhishwa nyumbani kwa sufuria mpya.

Usafi ndio uliobaki, na usafi ndio kila kitu. Nilikwangua nyekundu yote kwa brashi ya waya, nikaosha kwa mafuta ya taa, nikaosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, nikafuta kwa tina na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kikabaki cheupe. Hapa kwetu kuna jambo ambalo wenzetu wa bara hawalijui: chuma kitupu kikipata upepo wa bahari, kabla ya adhuhuri kina kutu ya chai. Kwa hiyo osha alfajiri, praima, rangi ya chini, asubuhi hiyohiyo. Nilisubiri kaskazi, hewa kavu, nikapuliza mikono miwili myembamba. Nene hubanduka. Sehemu za gaskiti funika, na pale waya wa athi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri, unapofungwa acha chuma kitupu. Mimi nilipapaka, stata ikagoma, nikahangaika siku mbili nikilaumu betri. Na mvuke wa hadena unaumiza mapafu, vaa barakoa ya chujio. Leso haitoshi.

Nisemeje tena? Vijana wenzangu, tuna pupa. Tunataka picha kabla ya kazi. Mtu anatumia milioni kwenye injini halafu anainyima siku moja ya kuoshwa. Anauliza rangi gani nzuri wakati bloki ina oili ya mwaka juzi. Hakuna rangi inayoshika juu ya oili, hata ungeinunua London. Osha. Nikiulizwa tena nitajibu hivyohivyo: osha.

Jumapili iliyopita mzee alikuja kwangu mwenyewe, bila kuitwa, amevaa kanzu. Nikafungua boneti. Akainama kama siku ile, akapitisha kidole palepale chini ya kabureta, akakitazama. Kisafi. Hakusema kitu. Akasogea upande wa dinamo, akachungulia muda.

"Na dhahabu ya babu yako umeitupa wapi?"

Nikachukua spana, nikalegeza mabano ya dinamo, nikayasogeza. Chini yake nilikuwa nimebandika kipande cha utepe kabla ya kupuliza, upana wa kidole gumba. Dhahabu ipo. Mzee akavaa miwani, akaitazama, kisha akaniambia nikaze nati kabla mtu mwingine hajaja.