Isome Katiba ya Marekani na penseli mkononi

Nilipojiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani nilikuwa nafanya zamu za usiku. Maswali yote 100 ya wakati ule niliyakariri alfajiri, ndani ya basi, nikirudi nyumbani macho mazito. Sheria kuu ya nchi? Katiba. Ina marekebisho mangapi? 27. Siku ya mtihani waliuliza kumi tu kati ya hayo, kupita kulihitaji majibu sita sahihi, nami nikapita. Siku ya kiapo nikanyoosha mkono na kuahidi kuitetea Katiba hiyo.

Miezi michache baadaye mwanangu alikuwa anafanya kazi ya shule mezani. Akaniuliza, "Mama, hawa watu waliohesabiwa tatu ya tano walikuwa akina nani?" Sikuwa na jibu. Hapo nikatambua kuwa nimekula kiapo kwa kitabu ambacho sijawahi kukifungua. Iliniuma sana. Ndiyo maana nawaandikia wenzangu mnaokariri maswali sasa hivi: karirini, lakini waraka wenyewe usomeni.

Si mrefu. Una ibara 7, kisha marekebisho 27 nyuma yake, na jioni mbili zinatosha. Chukua nakala ya karatasi na penseli, kwa sababu marekebisho hayafuti maneno ya zamani, yanaongezwa tu mwishoni. Ukisoma bila penseli utachanganya sheria iliyokufa na iliyo hai.

Tulianza na swali la mwanangu. Ibara ya 1, kifungu cha 2, inaeleza jinsi ya kuhesabu watu wa kila jimbo ili kugawa viti vya uwakilishi: watu huru wanahesabiwa wote, kisha inaongezwa sehemu tatu kati ya tano za "watu wengine wote". Ni watumwa hao. Tulilitafuta neno "mtumwa" katika ibara zote 7, tusilione. Waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuiandika Katiba walilizunguka, ilhali Tangazo la Uhuru la 1776 lilikuwa limeshasema binadamu wote wameumbwa sawa. Neno "utumwa" linaingia mwaka 1865 tu, katika Marekebisho ya 13, yanayoupiga marufuku. Tukapitisha mstari mwembamba juu ya ile hesabu ya tatu ya tano, pembeni tukaandika 14, maana Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 ndiyo yaliyoiondoa. Maneno ya chini bado yanasomeka, na nataka mwanangu aendelee kuyaona.

Ukishamaliza, tafuta kesi ambazo Mahakama ya Juu iliifasiri Katiba hiyo. Wengi watakwambia uanze na Marbury dhidi ya Madison ya 1803. Ni kesi kubwa, kwa sababu ndipo Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba inaweza kubatilisha sheria inayopingana na Katiba, jambo ambalo Katiba haisemi waziwazi popote. Lakini kwa anayeanza ni ngumu. Iache kwanza. Anza na mtu mmoja mwenye shida unayoielewa.

Mimi nilianza na Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961, mjini Panama City, Florida, alishtakiwa kuvunja na kuingia kwenye klabu ya mchezo wa pool kwa nia ya kuiba. Hakuwa na fedha za wakili. Akamwomba jaji ampatie, jaji akamjibu kwamba sheria ya Florida inaruhusu hilo kwa kesi za adhabu ya kifo pekee. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Gerezani akachukua karatasi za gereza na penseli, akaiandikia Mahakama ya Juu. Mwaka 1963 majaji wote tisa wakakubaliana naye: haki ya wakili iliyo katika Marekebisho ya 6 inamhusu hata maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa katika mahakama ya jimbo. Kesi ikasikilizwa upya, safari hii akiwa na wakili, na baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia.

Kwa sisi wahamiaji, kesi ya pili iwe ya Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina. Mwaka 1895 alirudi kutoka China, akazuiwa kushuka melini kwa madai kuwa si raia. Mwaka 1898 Mahakama ikasema ni raia, kwa sababu ya sentensi ya kwanza ya Marekebisho ya 14, isemayo kuwa aliyezaliwa Marekani na aliye chini ya mamlaka yake ni raia. Mwanangu kazaliwa hapa. Sentensi hiyo tumeipigia mstari mara mbili.

Tena, msiishie kwenye uamuzi wa majaji walio wengi. Katika Plessy dhidi ya Ferguson ya 1896, iliyohalalisha ubaguzi wa rangi katika mabehewa ya treni, Jaji Harlan alipinga akiwa peke yake. Ilichukua miaka 58 kufika Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, ambapo majaji wote tisa waliharamisha ubaguzi katika shule za umma. Mmoja wa mawakili wa upande wa watoto alikuwa Thurgood Marshall. Sisi tuliotoka Kenya tulijue jina hilo: mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House wa kujadili katiba ya Kenya, kuwa mshauri wa wajumbe wetu Waafrika, akaandika rasimu ya hati ya haki kwa ajili ya Kenya.

Kama kusoma Kiingereza cha kisheria kunakuchosha, sikiliza. Mabishano ya kesi ya Gideon yalirekodiwa, na yapo mtandaoni bure. Sisi tuliyasikiliza jikoni Jumapili moja nikikanda unga wa chapati, mwanangu akisimamisha sauti kila aliposikia "Marekebisho ya 6" ili atafute mstari wake kwenye kijitabu.